Kifungo Alichoacha Nasambu

Mke wangu Nasambu alikufa kifungo chake hakijaisha. Nasema hivyo mwanzo, lakini mtu asidhani alifia jela. Hakuingia jela. Alilala nyumbani kwetu mtaani Mowlem, Nairobi, akaamka, akapika uji, akaenda kufungwa, na jioni akarudi. Watu walikiita kifungo cha nje.

Alikuwa mtu wa Kimilili kama mimi. Nilimleta Nairobi nilipokuwa kwenye genge la reli, tukakaa Muthurwa, chumba kimoja na pazia katikati. Mimi sikusoma. Yeye alisoma kidogo, akajua Biblia na bei ya kila kitu. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mtaani hapakuwa na mto, kwa hivyo majirani wote walimsikia.

Nilipostaafu tulihamia Mowlem, na hapo akaanza kupika na kuuza busaa, pombe ya wimbi. Jumamosi alipika, Jumapili aliimba kanisani. Mzee wa kanisa, Andati, alimwuliza mara moja mbele yangu anawezaje mambo hayo mawili.

"Mzee Andati," Nasambu akamwambia, "jana ulipokuwa kwenye kikombe cha pili hukuniuliza."

Andati hakuuliza tena.

Mwaka wa ile mvua kubwa iliyobeba madaraja, mvua ikielekea kuisha, askari walipita nyumba kwa nyumba wakisaka pombe. Walimchukua yeye, na Truphena wa mlango wa pili, na wengine. Busaa ilimwagwa mlangoni, kuku wa jirani wakalewa. Kortini wanawake wote walikubali kosa, maana ukikataa unarudishwa rumande kungoja tarehe nyingine. Hakimu akasema waende kazi ya nje, miezi kadhaa, kwa chifu.

Asubuhi ya kwanza nilimwona amevaa viatu vya kanisa.

"Unaenda wapi na viatu hivyo?"

"Kazini, Baba Nafula."

Nafula ni binti yetu, yuko kiwanda cha sabuni Industrial Area, ana nyumba yake. Nasambu aliniita kwa jina hilo tangu mtoto azaliwe. Lakini neno kazini hakuwa amewahi kulisema. Mimi ndiye niliyekuwa nalisema, miaka yote ya reli, na yeye ndiye aliyekuwa anabaki mlangoni. Sasa nikabaki mimi.

Majirani walicheka. "Mama Nafula ameandikwa na serikali," walisema. "Mzee, sasa shika mwiko."

Nikashika mwiko. Nasambu alikula ugali wangu, akasema ungefaa kuzibia paa.

Jioni nilimwuliza wanafanya nini kule. Alisema wengine wanafagia, wengine wanateka maji, yeye amepewa kipande cha ardhi nyuma ya ofisi. Kilikuwa kimejaa nyasi na mabati mazee. Alikuwa anakilima.

"Udongo mweusi, Baba Nafula. Umelala pale bure. Nimeushika, ni kama wa kwetu kule chini mtoni."

Kila jioni ilikuwa udongo huo. Leo ametoa mawe. Leo amefika kwenye mti. Chifu anataka apandiwe sukuma wiki peke yake, yeye amemwambia achanganye na maharagwe.

"Chifu amesemaje?"

"Amesema mimi ni mfungwa."

"Na wewe?"

"Nikamwambia maharagwe hayajui."

Mimi nilicheka. Nilidhani ameridhika. Sikuwa na sababu ya kudhani kingine.

Kisha siku moja alirudi na baridi ndani ya mifupa. Alisema ni mvua imempiga. Kliniki walimpa vidonge. Vidonge havikufanya kitu. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani, na kutoka hospitali hakutoka akitembea. Daktari alisema ni mapafu. Nafula alisema ni chifu. Mpaka leo mtu akiniuliza ni nini kilichomuua, natazama chini.

Tulimzika Kimilili.

Kwetu, mazishi yakiisha jamaa wanakaa, halafu wafiwa wananyolewa. Usiponyolewa hujatoka matangani. Watu watakusalimu kwa mbali, hutaalikwa harusi, wewe mwenyewe utajiona kama mgeni kwenye kiti chako. Na kabla ya wembe wazee huuliza maswali. Nani anamdai marehemu neno? Nani alikosana naye? Na katika ukoo wetu huulizwa lingine: ameacha kazi gani katikati? Maana kazi ambayo marehemu aliianza kwa jembe lake, watu wa nyumba yake huimaliza, ndipo wanyolewe. Mama yangu alipokufa tulimalizia wimbi lake, kina baba wote na majembe, mvua ikinyesha. Hakuna aliyeona ajabu.

Aliyeuliza siku hiyo alikuwa Lusweti, kaka ya Nasambu. Ni mtu wa maneno mafupi.

"Shamba lake la hapa?"

Dada zake wakajibu kwamba limepaliliwa lote.

"Na Nairobi? Alikuwa na kazi Nairobi?"

Nikasema alikuwa na kifungo. Nikaeleza. Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akajikohoza.

"Alikuwa anafanya nini kwenye hicho kifungo?" Lusweti akauliza.

"Analima."

"Kwa jembe?"

"Kwa jembe."

"Amefika wapi?"

"Katikati."

Wazee walinong'onezana. Mmoja alisema hiyo ni kazi ya serikali, haihesabiwi. Mwingine alisema jembe halijui ni la nani. Mwisho Lusweti aliurudisha wembe ndani ya karatasi yake.

"Opicho, shemeji, nenda ukaimalize. Ukimaliza uje tukunyoe."

Nafula alikuwa amekaa na wanawake. Aliinuka akatoka nje.

Basi nikarudi Nairobi na nywele zangu.

Asubuhi nilikwenda kambini kwa chifu. Langoni palikuwa na askari mnene kijana anaitwa Ambaro, ana redio ndogo sikioni.

"Mzee, umekuja mambo ya kitambulisho?"

"Nimekuja kumaliza kifungo cha mke wangu."

Alizima redio. "Hebu rudia."

Nikarudia.

"Mzee wangu, hapa watu wanatoroka. Sijawahi kuona anayebisha hodi."

Akanipeleka ndani. Chifu aliniketisha, akanipa pole ya marehemu, akaagiza nipewe chai. Nikamweleza neno langu lote. Alisikiliza huku akikuna kidevu.

"Mzee, mtu akifa, kifungo chake kimekufa naye. Hiyo ni sheria."

"Na shamba?"

"Shamba gani?"

"Lile la nyuma. Alilifikisha katikati."

"Lile si shamba lake. Ni la serikali."

"Najua. Jembe ndilo lake."

"Jembe pia ni la serikali."

Kule nyumbani tulikuwa tumesema jembe lake, wazee wote wakasikia. Kumbe halikuwa lake. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

"Nani amekutuma?" Sauti ya chifu ilikuwa imebadilika.

"Shemeji yangu."

"Ni wa chama gani?"

"Hana chama. Ana ng'ombe."

Chifu alisukuma kikombe chake kando. "Sikiliza, mzee. Siku hizi kuna watu wanazunguka mitaani na maneno ya katiba. Wanasema sisi machifu tunafuga watumwa. Wakikukuta wewe, na mvi hizo, unalima hapa bila amri ya korti, kesho niko gazetini. Nenda nyumbani upumzike."

"Nikileta amri ya korti?"

"Utaipata wapi? Uende uibe?"

Nilifikiria jambo hilo njia nzima. Wakati wa kutoka nilikuwa nimechungulia dirishani, nikakiona kile kipande. Upande mmoja mweusi, upande mwingine nyasi.

Jumapili Nafula alikuja, na kijana mmoja wa kanisani aitwaye Kweyu. Amesomea sheria, na ni wa kamati ya haki ya kanisa. Kijana mwenye heshima. Alingoja mpaka nilipomwambia keti.

"Mzee, tuna mkutano Jumamosi ukumbini," akasema. "Watu watatoa maoni juu ya kurekebisha katiba. Tungependa useme yaliyompata mama."

"Alipatwa na mapafu."

"Baba," Nafula akasema, "mama alikuwa mtumwa."

"Alivaa viatu vya kanisa."

"Hata kama."

Kweyu alinieleza polepole. Katiba inasema mtu yeyote asilazimishwe kufanya kazi. Hapo nikakubali. Halafu inaongeza kwamba, korti ikimhukumu, hiyo haihesabiwi kuwa kulazimishwa. Hapo ndipo wao wanakataa. Wanataka maneno hayo ya mwisho yaondolewe, ili mtu akikosa afungwe au aonywe, lakini kazi isiwe fimbo ya kumpigia.

"Yakiondolewa," nikauliza, "aliyekufa katikati atakuwa wapi?"

"Vipi, mzee?"

"Mke wangu. Atakuwa amemaliza, au hajamaliza?"

Kweyu alimtazama Nafula, kisha akanitazama. "Atakuwa hakupaswa kuanza."

Neno hilo lilinilemea. Kama hakupaswa kuanza, basi hakuna kazi iliyoachwa, na Lusweti anaweza kuninyoa kesho. Lakini aliianza. Viatu vyake viko chini ya kitanda, udongo ungalipo kwenye soli. Nilitaka kumwuliza Kweyu udongo huo katiba itaupeleka wapi, nikaona nitamchosha.

"Utakuja, Baba?" Nafula akauliza.

Nikasema nitakuja. Nilitaka kusikia wenye akili wanasemaje, labda nitaelewa.

Ukumbi ulijaa. Mama wa chama cha akina mama, vibarua, vijana wa kukaa tu ukutani. Kweyu alisoma yale maneno ya katiba, akauliza watu wanaonaje.

Aliyesimama kwanza ni Amolo, mtu wa mkokoteni.

"Mimi mwizi aliniibia mkokoteni. Sasa mnasema akifungwa alale tu, mimi nimlishe?"

"Anaweza kufanya kazi akitaka," Kweyu akasema, "na alipwe kidogo. Tunachokataa ni kulazimishwa."

"Alipwe? Basi kesho naiba mkokoteni."

Watu walicheka sana. Kibarua mmoja nyuma akapaza sauti kwamba wao wa Industrial Area wanalazimishwa na njaa kila asubuhi, hiyo nayo itaondolewa na maneno gani? Kijana wa ukutani akasema, "Buda, hiyo wameficha ukurasa wa nyuma." Kweyu aligonga meza. Akaniita.

Nilisimama. Watu waliziona nywele zangu, wenye kujua wakajua, wakanyamaza. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote.

"Mimi nataka kujua jambo moja," nikasema. "Ilikuwa kazi, au ilikuwa adhabu?"

"Mzee," Kweyu akasema kwa upole, "hilo ndilo tunalokuuliza wewe."

"Mimi sijui. Yeye alisema kazini."

Nikabaki nimesimama. Nilimwona Nafula ameshika kichwa. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa. Ni Truphena, jirani yangu, yule aliyehukumiwa pamoja na Nasambu siku ile.

"Keti, Baba Nafula. Nitajibu mimi."

Nikaketi.

"Mimi hayo maneno yaondolewe hata jana," Truphena akasema. "Nimefagia choo cha askari na mjukuu mgongoni. Askari vijana wadogo, umri wa wanangu, wananiita, we mfungwa, ongeza maji. Nasambu naye walimwita hivyo hivyo. Wiki ile ya kwanza alikuwa akiingia nyuma ya tangi la maji analia. Analia, ananawa, anapaka mafuta niliyokuwa nayo, ndipo anarudi nyumbani. Akaniambia, Truphena, nyumbani nimesema ni kazi, usije ukaniharibia. Mzee wangu asijue naitwaje huku."

"Na shamba?" nikauliza. Sikusimama.

"Shamba alilipenda. Sitadanganya. Alikuwa kichaa kidogo na lile shamba. Sisi tunakwanguakwangua ili jioni ifike, yeye analima kama la mamake. Nilimwuliza, unamlimia nani? Akasema, silimi kwa ajili ya mtu, niache." Truphena alijifunga leso upya. "Nimemaliza."

Watu walipiga makofi. Sijui walimpigia Truphena au Nasambu. Kweyu alinitazama akitaka niongeze, nami nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimekuja na swali moja na sasa nilikuwa nayo mawili.

Nje, Nafula alinishika mkono. "Umesikia sasa."

"Nimesikia."

"Basi twende kwa Kweyu useme aandike."

"Nitakwenda kwanza kumaliza shamba."

Aliuachia mkono wangu. "Baba. Umesikia walivyomwita. Umesikia alikuwa analia. Unataka kuwalimia hao hao?"

"Alilia pale, na alilima pale. Siwezi kuyatenganisha. Nikiacha shamba, nimeacha yote."

"Ukilima pale unamwambia chifu alifanya vizuri. Kesho atasema, hata mumewe alikuja mwenyewe, kwa mapenzi yake. Maoni yetu yote yanakuwa bure."

Alikuwa na haki. Nilimwambia ana haki.

"Na bado utaenda?"

"Bado sijanyolewa, Nafula."

"Basi uende peke yako," akasema, akaondoka na wenzake. Hakugeuka. Ana mwendo wa mamake.

Jumatatu chifu alianza wiki ya mikutano kwa wakubwa wake. Ambaro alinitazama langoni, akatazama barabarani, akaufungua mlango mdogo.

"Ukiulizwa, sikukuona."

Nyuma ya ofisi nilikuta jambo ambalo sikulifikiria. Palikuwa na mtu analima. Mwanamke kijana, mtoto mgongoni, jembe lile lile. Alikuwa ameanza upande wa nyasi, kutokea pale Nasambu alipoachia.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Mimi ni wa yule aliyelima huko mbele."

"Yule mama mrefu? Nilisikia habari zake. Nimekuta mistari yake imenyooka. Nimejaribu kuifuata, imenishinda." Akasema anaitwa Ndindi. Amehukumiwa hivi karibuni.

"Busaa?"

"Chang'aa. Na si yangu, ni ya dadangu. Askari walipokuja yeye alikimbia. Mimi na mtoto ningekimbilia wapi?"

Nilitazama udongo. "Yake iliishia wapi?"

Alinionyesha kwa mguu. "Hapa. Au pale kidogo. Mvua ilinyesha, sijui tena."

Nilikuwa nimekuja kumaliza kazi ya Nasambu, na kazi ya Nasambu ilikuwa imeshakuwa kazi ya mwingine. Nikilima, namlimia nani? Nikiacha, nimeacha nini? Lusweti hakunipa jibu la hilo. Nadhani wazee wetu hawakuwahi kukutana nalo.

"Nipe jembe," nikasema.

"Askari ataona sifanyi."

Ambaro alikuwa amesimama kwenye kona na redio yake. "Mimi nimeambiwa nitazame shamba," akasema. "Shamba likilimwa, naona shamba."

Ndindi alinipa jembe, akakaa juu ya mabati, akamtoa mtoto mgongoni. Nikaanza kulima. Mgongo ulilia, lakini udongo ulikuwa kama Nasambu alivyosema. Mweusi, unapasuka vizuri. Nilielewa kwa nini alikuwa anauzungumzia jioni. Halafu nilikumbuka tangi la maji. Lilikuwa pale, hatua chache. Nilijaribu kutolitazama.

Nilikwenda asubuhi zote za wiki hiyo, na Ndindi aliniachia jembe. Siku nyingine aliteka maji, siku nyingine alikaa tu akanyonyesha. Tulizungumza machache. Aliniuliza Nasambu alipika busaa namna gani, nikamwambia sijui, nilikuwa mnywaji.

Asubuhi ya Ijumaa Nafula alikuja. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado na koti la kiwanda. Alisimama kwenye ukingo wa shamba.

"Baba, toka humo."

"Nimebakisha kidogo."

"Hicho kidogo ni cha nani?"

"Sijui. Cha mama yako kilikuwa huku, cha huyu kikaanza huku. Mpaka wenyewe siuoni."

Nafula alimtazama Ndindi. Ndindi alimtazama Nafula. Mtoto alikuwa amelala. Sijui kila mmoja aliona nini kwa mwenzake, lakini Nafula alikwenda akakaa karibu naye juu ya mabati, akaanza kumwuliza maswali kwa sauti ya chini. Mimi nikaendelea. Nilifika kwenye ua. Nikapiga jembe la mwisho chini ya waya, nikageuka, na shamba lote lilikuwa jeusi.

Wakati huo huo chifu aliingia na gari lake. Alituona. Alikuja na hatua za haraka.

"Nani amefungwa hapa?"

Ambaro alisimama wima. "Huyu, afande," akasema, akimwonyesha Ndindi aliyekaa.

"Na anayelima?"

"Huyo ni wa yule marehemu."

Chifu alivuta pumzi. Alimwona Nafula, nadhani alimtambua kuwa mmoja wa wale watu wa katiba, maana alishusha sauti.

"Mzee, tulizungumza."

"Tulizungumza, Chifu. Sasa nimemaliza. Kazi ya Nasambu imeisha."

"Iliisha zamani. Nilikwambia."

"Na ya huyu?"

"Huyu bado ana wiki zake."

"Atalima nini? Shamba limeisha."

Chifu aliangalia shamba, akaangalia ua, akaangalia Ndindi. Nadhani hakuwa amefikiria. "Atafagia," akasema.

"Uwanja umefagiwa asubuhi, afande," Ambaro akasema.

"Atafagia tena."

Ndindi aliinuka. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua ufagio pale ukutani, akaenda katikati ya uwanja uliokuwa safi, akaanza kufagia. Hapakuwa na jani. Alifagia vumbi kutoka huku kwenda huku.

Chifu aliingia ofisini. Mimi nilibaki na jembe la serikali mkononi. Maisha yangu nimeijua kazi kwa kuisha kwake. Reli ikinyooka, genge linasonga mbele. Shamba likifika ukingoni, unaosha jembe. Hili lilifika ukingoni, na yule mwanamke hakwenda popote. Basi shamba halikuwa kile kitu walichotaka. Hata kwa Nasambu hawakutaka shamba. Yeye ndiye aliyelitaka, na wao walitaka kingine, na vyote viwili vilikuwa mahali pamoja, ndiyo maana sikuona.

Sikuwa na hakika. Sina hakika hata sasa. Lakini niliosha jembe, nikalirudisha, nikamwambia Nafula anipeleke kwa Kweyu.

Tulimkuta ukumbini na makaratasi yake.

"Andika," nikamwambia. "Hayo maneno yaondolewe."

"Sababu, mzee?"

"Nimemaliza shamba, na mtu bado anafagia."

Kweyu aliandika. Nafula akamweleza habari za Ndindi, akaandika hizo pia, muda mrefu, akiuliza na kuuliza tena. Nilingoja amalize.

"Na ongeza kwamba Nasambu alilima vizuri."

Kalamu ilisimama. "Mzee, haya yanapelekwa kama maoni juu ya katiba. Hilo halitaingia vizuri. Watasema, basi kazi ilimfaa."

"Haikumfaa. Alilima vizuri."

"Watachanganya."

"Mimi pia nimechanganyikiwa. Andika."

Alimtazama Nafula, akitaka amsaidie. Nilidhani Nafula atakataa, maana tangu mwanzo ndilo alilokuwa akilikataa.

"Andika alivyosema," akasema.

Kweyu akaandika. Nikatia alama ya kidole.

Tulipanda basi la usiku, mimi na Nafula, mpaka Kimilili. Lusweti alikuwa uani anakamua. Aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia shamba nimelimaliza, lakini sehemu ilikuwa ya mtu mwingine, na kifungo cha huyo mtu bado kipo. Aliuliza huyo mtu ni nani wetu. Nikasema si mtu wetu. Alifikiri sana, mikono ikiwa na maziwa.

"Hilo mimi sijui linavyokwenda," akasema. "Keti."

Akaenda kuleta wembe. Nafula alivua kitambaa chake, akakaa chini karibu yangu kungoja zamu.